Kilo Kumi na Sita

Mizani ya ghala la mizigo pale stesheni ya Tabora iliwekwa kupimia magunia ya tumbaku na madebe ya asali, si watu. Jumapili moja, makuli walipokuwa wamekwenda zao, Mabruki alimwingiza mkewe kwa mlango wa nyuma, akamwambia avue ndala apande juu ya ubao. Batuli alipanda huku ameshikilia ukuta. Ubao ulilia. Mabruki akakisukuma kile chuma cha mizani pole pole, akakirudisha kidogo, akainama kusoma.

"Ngapi?" Batuli aliuliza.

"Tisini na sita."

"Pima tena."

Akapima tena. Miaka kumi na minane alikuwa kuli wa ghala lile na mkono wake haukuwa wa kukosea, lakini alipima tena kwa sababu mkewe alitaka. Ikawa ile ile.

Batuli alishuka, akavaa ndala zake, akatazama chini. Daktari alikuwa ametaka themanini. Kumi na sita, basi. Aliyatazama magunia yaliyopangwa ukutani, akajaribu kufikiria kilo kumi na sita ni kiasi gani cha gunia, na jinsi mtu anavyoweza kuzitoa mwilini mwake mwenyewe kwa miezi mitatu.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile nyeupe za nakshi zenye vitobo vidogo vidogo, na mitaa yote ya Cheyo ilijua kwamba bwana harusi aliyetaka kofia ya kueleweka huenda kwa Batuli. Mtoto hakujaliwa. Siku nzima alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, sindano mkononi. Tangu ujana alikuwa mnene, na unene huo haukumkera kamwe. Mabruki aliupenda, na mjini hapo mwanamke mnene alikuwa mwanamke aliyetunzwa. Lakini mwaka wa sabini na tatu ukaanza uvimbe kitovuni. Mwanzoni ulikuwa kama ndimu, ukatokeza akikohoa na kuingia akilala. Mwaka uliofuata ulikuwa kama chungwa.

Daktari Silasi alikuwa mpasuaji asiyekaa Tabora. Alifika mjini kila baada ya miezi mitatu, akapasua kwa wiki moja, akaenda zake. Alimlaza Batuli kitandani, akaubonyeza uvimbe kwa vidole viwili.

"Ni ngiri ya kitovu," alisema. "Ukuta wa tumbo umefunguka, utumbo unachungulia. Dawa yake ni kushona. Lakini siwezi kukushona ukiwa hivi, mama. Dawa ya usingizi inaweza kukuelemea usiamke. Ukiamka, nyuzi hazitashika kwenye mafuta. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Njoo na kilo themanini."

"Na ikinasa kabla hujarudi?"

Daktari akamtazama vizuri. "Nani amekwambia kuhusu kunasa?"

Hakuna aliyemwambia. Aliona. Alikuwa na miaka kumi na tisa mama yake alipokwenda Kigwa kwenye msiba, naye na mdogo wake wakamfuata. Mama alikuwa na uvimbe huo huo, siku zote ameufunga kwa kipande cha kaniki. Siku ya pili ya msiba ulitoka ukagoma kurudi. Mvua ilikuwa imebomoa tuta la reli, treni haikuja siku hiyo wala iliyofuata. Mama alitapika mpaka akawa hana cha kutapika, tumbo likawa gumu kama ubao, na alfajiri ya siku ya tatu tangu unase alikata roho kwenye sakafu ya stesheni, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Batuli. Treni ilifika saa nne. Ilimchukua akiwa maiti.

Haya Batuli hakumweleza daktari. Alisema tu, "Nitapungua."

*

Mwaka wenyewe ulikuwa wa ajabu kwa mtu kutaka kupungua. Mvua zilikuwa zimegoma, na watu waliohamishiwa vijiji vipya walikuta msimu umekwisha kabla jembe halijaingia ardhini. Kutoka Usoke hadi Kigwa watu walikuwa wakikonda bila kupenda. Mjini unga uliokuja ulikuwa ule wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakauita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile, na hata huo ulipatikana kwa kupanga foleni nje ya duka la ushirika tangu alfajiri.

Kwenye foleni hiyo Batuli alijifunza kuinamisha kichwa. Kwenye ukuta wa duka palikuwa na picha iliyobandikwa, bwana mwenye kitambi amechomeka mrija kwenye mgongo wa mkulima anamnyonya. Kila foleni iliposogea, Batuli alijikuta amesimama kando ya picha ile. Siku moja mwanamke mmoja wa nyuma yake, mkono umebaki mifupa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Wewe dada unakuja kutafuta unga wa nini? Si unao tumboni."

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Kupe hao. Ameficha, huyo."

Batuli aliinamisha kichwa. Angejibu nini? Kwamba jana alikula muhogo mmoja na kikombe cha uji? Nani angemwamini, na mwili umesimama pale unamkanusha?

Aliyemletea habari ya kahawa ni mdogo wake, Zamda. Zamda aliuza chai na mihogo ya kuchemsha nje ya stesheni, na maneno ya abiria wote wa reli ya kati yalipitia kwake. Alikuwa na miaka tisa mama yao alipokufa, na Batuli ndiye aliyemlea, kwa hiyo alimpenda kama mtu anavyopenda dada na mama kwa pamoja.

"Nimeongea na abiria wa Bukoba," alisema akiweka kifuko mkekani. "Wanasema kwao mtu akitafuna buni hasikii njaa, anatembea kutwa. Na yule mama wa Kigoma anasema kahawa chungu inakata mafuta. Unywe asubuhi, bila sukari, bila kitu."

"Sukari yenyewe iko wapi?"

"Basi ndiyo nasema, mambo yamejipa."

Batuli alianza siku ya pili yake. Alikaanga buni, akatwanga, akachemsha na tangawizi mpaka ikawa nyeusi kama lami. Vikombe vitatu kabla jua halijapanda, vitatu saa nne, viwili baada ya adhuhuri. Na kweli, njaa ilikaa mbali. Tumbo lilikaa kimya mpaka alasiri, kichwa kikawa chepesi, sindano ikaenda mbio. Jumapili ya pili Mabruki alimpima, akasoma: tisini na nne.

Batuli aliketi juu ya gunia akacheka. Mbili kati ya kumi na sita. Kama ni mbili kwa wiki mbili, na kahawa akiizidisha, kwa nini isiwezekane?

Akaizidisha. Akafika vikombe kumi na viwili. Jumapili ya tatu, tisini na nne. Ya nne, tisini na nne na nusu.

Hakuelewa. Alikuwa anashinda na njaa tangu asubuhi hadi magharibi. Jambo ambalo hakulitia hesabuni, au labda alilitia lakini akalikwepa, ni magharibi yenyewe. Kahawa ilipoisha nguvu, njaa ya siku nzima ilimrukia kwa pamoja. Alikula ugali wake na ulioachwa na Mabruki, alipakua mawese juu ya mboga bila kutazama, na kwa kuwa usingizi haukuja kwa sababu ya kahawa ile ile, aliamka akatafuna karanga gizani. Asubuhi alijichukia, akaanza na vikombe vinne.

*

Ndipo akaja Abbasi. Alikuwa mchuuzi wa kwenye treni, akipanda na kushuka kati ya Kigoma na Tabora na sanduku lake la bati, ana manukato, wembe, dawa ya chawa, na vitu kutoka nchi za ng'ambo ya ziwa. Zamda ndiye aliyemfikisha nyumbani kwa dada yake.

Abbasi aliweka chupa ya kioo cha kahawia juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe na vya njano vimechanganyika. Karatasi ya chupa ilikuwa na maandishi ambayo kati yao watatu hakuna aliyeweza kuyasoma.

"Hii si dawa ya ugonjwa," alisema Abbasi. "Ni ya kuuongezea mwili nguvu. Inayeyusha mafuta, yanatoka kwa njia ya mkojo. Utaona mwenyewe utakavyokwenda chooni. Cheupe kimoja asubuhi, cha njano kimoja na kahawa. Kahawa inakisukuma."

"Wako watu umewaona wamepungua?"

"Mke wangu mwenyewe," alisema Abbasi, na alisema bila kupepesa jicho. Hata baadaye Batuli hakuwa na hakika kama mtu yule alikuwa mwongo. Pengine mkewe kweli alipungua. Pengine alipungua kwa siku kumi.

Maana siku kumi zile zilikuwa za ajabu. Alikwenda chooni mara kumi na tano kwa siku. Pete iliyokuwa imemganda kidoleni ilitoka yenyewe. Gauni lililombana kwapani likapwaya. Jumapili ya kwanza, tisini na moja. Ya pili, themanini na nane. Mabruki alisoma mara mbili bila kuambiwa.

"Nane tu," Batuli alisema. "Zimebaki nane, Mabruki."

"Macho yako yameingia ndani."

"Yaingie."

"Na mikono hiyo?"

Aliificha chini ya kanga. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka siku ya sita. Kwanza kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo nzito akaitua. Halafu sindano ikaanza kukosa vitobo. Alikuwa na kofia ya bwana harusi wa mtaa wa Ng'ambo, kazi ya mwezi mzima, amebakiza upana wa vidole vitatu. Alasiri moja mkono uliruka, sindano ikachana nakshi, na alipojaribu kurekebisha akachana zaidi. Aliitazama kofia ile ina madoa ya damu ya vidole vyake. Akaiviringisha, akaiweka chini ya godoro. Moyo ulikuwa unamdunda kooni hata akiwa amekaa. Mdomo ulikauka, miguu ilikaza misuli mpaka akalia. Lakini kila alipofikiria kuacha, aliona sakafu ya stesheni ya Kigwa, akameza.

Siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, mjumbe wa nyumba kumi alibisha hodi. Alikuwa Mzee Mahona, Msukuma aliyehamia Cheyo zamani, mtu mrefu mwenye adabu, na nyuma yake walisimama wanaume wawili. Batuli alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nisamehe kwa ninalolijia. Watu wameleta maneno. Wanasema humu ndani umefichwa unga."

"Nani anasema?"

"Wengi. Ningekuwa mimi peke yangu nisingekuja. Lakini nisipotazama watasema nimehongwa."

"Tazama, mzee."

Walitazama. Chini ya kitanda, kwenye stoo, ndani ya mtungi. Walikuta debe ambalo ndani yake mlikuwa na unga wa njano wa kama siku mbili, na pembeni, gunia dogo la buni na chupa ya kahawia. Mmoja wa wale wanaume akaitikisa chupa.

"Na hii?"

Batuli alitaka kusema ni dawa ya kichwa. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu. "Ni ya kukonda," alisema.

Yule mwanaume alianza kucheka, Mahona akamkata kwa jicho.

"Ya kukonda," Mahona alirudia pole pole. "Mwaka huu."

"Nina ngiri, mzee. Daktari hatanipasua mpaka nipungue. Mama yangu aliku..."

Alisimama ili amwonyeshe pale tumboni, juu ya nguo, amwonyeshe kwamba halikuwa jambo la urembo. Chumba kikamzunguka. Aliona mikono mirefu ya Mahona inakuja kumdaka, na hakuona zaidi.

*

Alipozinduka alikuwa wodini, ana mpira wa maji mkononi. Mabruki alikaa upande mmoja na Zamda mwingine, Zamda amevimba macho. Walimsimulia kwamba Mahona na wale wanaume wawili walimbeba kwa kitanda chake mwenyewe kutoka Cheyo, na yule aliyecheka ndiye aliyeshika upande wa kichwa njia nzima.

Muuguzi wa wodi aliitwa Paskazia, mama wa makamo kutoka Usoke, Mkristo wa sauti ndogo isiyopanda. Aliimwaga ile chupa juu ya sahani, akatenga vyeupe na vya njano.

"Vyeupe navijua," alisema. "Ni vya kukojoza. Tunawapa wagonjwa waliovimba miguu, na hao tunawachunga. Vya njano sivijui, wala daktari havijui. Lakini moyo wako ulikuja hapa unakimbia kama wa mtu anayekimbizwa. Siku mbili zaidi, mama, usingefika."

"Vilinipunguza kilo sita."

"Vilikupunguza maji. Mafuta hayaendi chooni na mkojo. Ulikuwa unajikausha kama dagaa."

Siku ya tatu, baada ya maji ya mpira na uji wa chumvi, walimpima kwenye mizani ya hospitali. Tisini na tatu. Batuli aliutazama mshale ule kwa muda mrefu, kisha akakaa sakafuni palepale, mtu mzima, akalia mbele ya wagonjwa. Wiki sita zimekwenda. Vikombe visivyohesabika, chupa nzima, kofia ya watu imeharibika, jina limechafuka, na kilichotoka mwilini mwake kilikuwa kilo tatu.

Paskazia alingoja amalize. Akachuchumaa karibu naye.

"Na kahawa?" Batuli aliuliza. "Nayo ni uongo?"

"Kahawa haina ubaya wake ukiinywa kama watu. Inaituliza njaa saa mbili, tatu. Inakuchangamsha. Pengine inaunguza mafuta kidogo, kama mshumaa chini ya sufuria ya pilau ya harusi. Moto upo, lakini hutaivisha. Niambie, magharibi unakula nini?"

Hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alilijibu pole pole, akitaja ugali, mawese, karanga, na kadiri alivyotaja ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"Sikulaumu," Paskazia alisema. "Ukimnyima mtu kutwa nzima, jioni atachukua chake. Kula asubuhi, kula mchana, kula jioni, kidogo kidogo, mawese kijiko kimoja. Funga tumbo vizuri kwa kanga utembee kila siku, pole pole, usibebe kitu. Ndiyo dawa niliyonayo."

"Nitafika themanini?"

"Kwa wiki saba? Hapana."

"Nitafika ngapi?"

"Themanini na tisa. Themanini na nane ukijaliwa."

"Daktari alisema themanini."

"Najua alichosema," Paskazia alisema. "Mimi nakwambia linalowezekana."

*

Alitembea. Zamda alimfuata nyumbani kila alfajiri, wakashika njia ya Kwihara, ile njia ya zamani ya misafara ambayo babu yao mzaa mama aliipita amebeba pembe hadi pwani na kurudi. Batuli hakufika Kwihara. Siku ya kwanza alifika nyumba za mwisho za mji, akakaa juu ya jiwe. Magoti yalimwaka, na kila hatua aliusikia uvimbe ukigonga kanga kutoka ndani. Wiki ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Mizani ya ghala ikasema tisini na mbili.

Kilo moja. Siku kumi na nne za kupakua ugali wa ukubwa wa ngumi na kuinuka mkekani na njaa, na mizani imemtupia kilo moja kama sadaka.

Jioni hiyo alimwambia Zamda, "Kaniletee chupa nyingine."

Zamda alikuwa anasuuza vikombe. Akaacha. "Chupa ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Dada, ni mimi niliyeleta ile ya kwanza. Sitaleta ya pili."

"Ni maji, najua ni maji. Lakini siku ya daktari mizani haitajua kama ni maji au mafuta. Itasoma themanini na kitu, atanipasua."

"Na moyo wako usimame hapo hapo kwenye meza."

"Na nikikaa hivi? Wewe ulikuwa mdogo, walikutoa nje. Hukusikia alivyokuwa akinguruma. Unataka nife vile?"

Hilo lilikuwa neno ambalo kwa miaka ishirini na miwili hawakuwahi kulitamka baina yao. Zamda aliweka kikombe chini, akatoka bila kuaga.

Batuli alijifunga kanga, akaenda stesheni mwenyewe. Treni ya Kigoma ilikuwa imeingia. Alipita behewa moja baada ya jingine, anamuulizia mchuuzi wa sanduku la bati, anapumua kwa shida, na watu wanampisha. Mpiga tiketi mmoja alimwambia Abbasi hajaonekana wiki tatu. Wengine wanasema amebaki Ujiji, wengine amevuka ziwa. Laiti angekuwepo, Batuli angenunua. Alilijua hilo waziwazi alipokuwa amesimama pale kati ya mizigo ya watu, na kulijua kulimtisha kuliko ngiri. Mtu ameoneshwa kwa macho yake kwamba kitu kinamuua bila kumsaidia, na bado miguu inampeleka kukitafuta.

Asubuhi Zamda alikuja kama kawaida. Walishika njia.

Tisini na moja. Tisini. Wiki ya tano walifika kwenye mikorosho ya nusu njia. Wiki ya sita, asubuhi ya Alhamisi, wakirudi, Batuli alihisi kitu kimehama. Haikuwa maumivu mwanzoni. Aliweka mkono chini ya kanga; uvimbe ulikuwa mgumu, umekaza, wa moto. Akalala chini kando ya njia akausukuma kama siku zote. Haukurudi. Kichefuchefu kikampanda.

"Zamda," alisema. "Imenasa."

Zamda hakulia. Alisimamisha baiskeli ya muuza mkaa, akaubwaga mkaa wake barabarani mtu wa watu akiwa bado anauliza kulikoni, wakamweka Batuli nyuma, mmoja akisukuma na mwingine akishikilia. Njia nzima Batuli alitapika. Aliitazama mbingu akahesabu: daktari Silasi amebakiza siku tisa. Siku tisa. Mama alipata tatu.

Hospitali palikuwa na daktari kijana ambaye hakuwa amewahi kupasua mtu mnene peke yake, na uso wake ulimsema. Paskazia ndiye aliyeomba nusu saa ajaribu kwanza kuurudisha kwa mikono. Walimpa Batuli sindano ya maumivu, wakainua kitanda upande wa miguu, wakamwekea vitambaa vya maji ya mtungi juu ya tumbo. Kisha Paskazia akaweka viganja vyake viwili juu ya uvimbe, akaubana taratibu, akasimama hivyo bila kuusukuma kwa nguvu.

"Pumua," alisema. "Usinisaidie. Pumua tu."

Nusu saa ikapita, ikafuata nyingine. Jasho la Paskazia lilidondoka kwenye shuka. Batuli alikuwa ameacha kuomba apone. Alikuwa anaomba tu asingurume, Zamda asisikie. Halafu kitu kikagugumia ndani, kama maji yanapoingia mtungini, na uvimbe ukalegea chini ya mikono ile, ukaingia.

Daktari kijana aliketi kwenye stuli.

Hawakumruhusu kwenda nyumbani. Siku tisa alilala wodini, akila alichopewa, kidogo mara tatu, na alipopimwa asubuhi ya daktari Silasi ilikuwa themanini na nane. Daktari alisoma karatasi amesimama.

"Nilisema themanini."

"Ulisema," Batuli alijibu. "Sikuzipata."

Paskazia alimweleza yote, ya vidonge na ya Alhamisi. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikikupasua leo, hatari ipo. Nikikuacha, itanasa tena, na safari ijayo huenda isirudi. Sina njia isiyo na hatari ya kukupa, mama. Ipi unaitaka?"

"Nipasue."

Walimdunga sindano ya mgongo badala ya usingizi, kwa hiyo alikuwa macho. Alisikia vyuma, akasikia daktari akilalamika kuhusu taa. Ilichukua saa mbili. Nyuzi zilishika, ingawa kidonda kilitunga usaha upande mmoja na ikawa siku arobaini kabla hakijafunga. Siku hizo zote Zamda alikisafisha kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, ameinamisha uso.

Siku moja, akifunga kitambaa, alisema bila kuinua macho, "Nilitaka upone."

"Najua."

"Niliona pete inatoka kidoleni nikafurahi. Nilikwenda kuwaambia watu."

"Hata mimi nilifurahi, Zamda."

Zamda aliendelea kufunga. Mikono yake ilikuwa mizito siku hiyo, kitambaa kikambana Batuli kidogo. Alimwekea mdogo wake kiganja kichwani, akakiacha hapo mpaka kazi ilipokwisha.